Harambee Moja Haimalizi Kemo

Habari za mtoto kupatikana na saratani zikifika kijijini, Kasigau haikosi watu. Wiki haijaisha, kundi la WhatsApp limefunguliwa, kanisa limetoa sadaka maalum, chama cha akina mama kimechanga, na siku ya harambee watu wamejaa uwanjani Rukanga au Bungule. Jogoo ananadiwa, mbuzi ananadiwa, mwenye mia anatoa mia. Mama na mtoto wanasindikizwa hadi Maungu kupanda basi. Hayo ni mema na sina la kuyabeza. Shida huja mwezi wa nne. Kundi limenyamaza, mweka hazina hapokei simu, na mama ameketi kwenye benchi la kliniki Nairobi akipiga hesabu: nauli ya kurudi nyumbani na ya kuja tena baada ya wiki tatu itatoka wapi? Au akienda ndiyo basi?

Ninayowashauri wazazi, jamaa na walimu hapa yanatokana na jambo moja. Matibabu ya saratani ya mtoto yana kalenda, na msaada usiokuwa na kalenda humwacha mgonjwa njiani. Masomo nayo ni vivyo hivyo.

Tuanze na kalenda yenyewe, kwa sababu familia nyingi hutoka hospitalini siku ya kwanza na jina la ugonjwa tu. Jina halitoshi. Saratani ya damu inayowapata watoto zaidi, ile ya seli nyeupe inayokuja kwa kasi, hutibiwa kwa miaka miwili hadi mitatu. Miezi ya kwanza mtoto yuko wodini kila mara, kisha dawa nyingi huwa za kumeza nyumbani na kliniki za hapa na pale. Saratani ya Burkitt, ile inayovimbisha taya au tumbo, huchukua miezi michache ya dawa kali. Uvimbe wa figo unaoitwa Wilms huhitaji kemo, yaani dawa za saratani, na upasuaji, na wakati mwingine mionzi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza lolote lingine, muulize daktari: mizunguko ya dawa ni mingapi, kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine ni siku ngapi, na mtoto atalala wodini au atarudi siku hiyo hiyo? Mwombe ayaandike kwenye karatasi. Karatasi hiyo ina thamani kuliko picha ya mtoto iliyotumwa kwenye kundi, kwa maana ndiyo itakayowaambia watu wa nyumbani ni lini pesa zinahitajika na ni kiasi gani.

Kuna mtego mmoja ambao umewaponza wengi. Burkitt hukua kwa haraka kuliko karibu saratani nyingine zote, na pia huyeyuka haraka ikikutana na dawa. Mtoto aliyeingia hospitalini na taya limefura, hawezi kutafuna, baada ya wiki moja au mbili uso umerudi kama zamani. Ya damu nayo mara nyingi hujificha baada ya mwezi wa kwanza wa matibabu, mtoto akacheka na kutaka kucheza. Hapo ndipo bibi husema amepona, baba husema turudi tukalime, mhubiri husema muujiza umetendeka. Kumshukuru Mungu ni haki yenu, lakini mshukuruni mkiwa bado mnahudhuria kliniki. Seli zilizobaki hazionekani kwa macho, na zikirudi huwa zimezoea dawa za awali na hazitibiki kwa urahisi ule wa mwanzo.

Sisemi haya kwa kutisha. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 kwa kila 100 wenye saratani hupona, ilhali katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wanaopona hawafiki 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kuifikisha idadi hiyo angalau 60 kufikia 2030. Dawa nyingi zinazowaponya watoto wa huko ni zile zile za zamani zinazotumika hapa. Kinachotofautiana ni kuchelewa kufika, maambukizi yanayokosa kutibiwa mapema, na kuacha matibabu katikati. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, na kuchapishwa mwaka 2014, uligundua kwamba zaidi ya nusu ya watoto waliofuatiliwa waliacha matibabu, na gharama ilikuwa miongoni mwa sababu kuu. Nauli, kwa maneno mengine, ni sehemu ya dawa.

Basi tuzungumze pesa. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya SHA imechukua nafasi ya NHIF. Ilipoanza, kifurushi cha saratani kilikuwa shilingi 400,000 kwa kaya kwa mwaka, na zikiisha, shilingi 150,000 zaidi kutoka hazina ya magonjwa sugu na mahututi. Viwango hivi hubadilishwa, kwa hiyo uliza kwenye dawati la SHA la hospitali kila mwaka unapoanza. Kumbuka pia ni kwa kaya, si kwa kila mtu. Kama mzazi aliye kwenye kadi hiyo hiyo naye anatibiwa saratani, mnagawana chungu kimoja.

Yako mambo madogo yanayokwamisha watu wa mbali kama sisi. Mtoto lazima awe ameandikishwa chini ya mzazi, na hapo cheti cha kuzaliwa kinahitajika. Mtoto wa gredi ya tatu ambaye hana cheti si jambo geni huku, na kukifuatilia mkiwa tayari wodini ni taabu tupu. Kifuatilieni leo, hata kama hakuna mgonjwa nyumbani. La pili, SHA humtambua mwanachama kwa nambari ya siri inayotumwa kwenye simu yake au kwa alama za vidole. Ikiwa mwanachama ni baba, naye amebaki akichunga kwenye ranchi ambako mtandao hushika ukipanda jiwe, mama atasimama dirishani Nairobi na huduma isitolewe. Mtangulie kulitatua hilo: nambari iliyosajiliwa iwe ya yule anayemsindikiza mtoto, na mkiandikishwa kwa alama za vidole, huyo asindikizaye awe miongoni mwa walioandikishwa. La tatu, asiye na mshahara hulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja baada ya kupigiwa hesabu ya uwezo wake kupitia *147#. Huo ndio mzigo wa kwanza ambao jamaa wanafaa kuubeba. Mchango ukikatika, yote mengine yanaanguka.

Bima ikiisha au ikichelewa kuidhinisha, usitoroke. Hospitali kubwa zina afisa wa ustawi wa jamii, na kazi yake ni kusikiliza hali ya familia, kupendekeza msamaha wa bili au malipo ya polepole, na kuwaunganisha na wafadhili. Nairobi kuna Faraja Cancer Support Trust, ambayo ina hazina ya kuwagharamia wagonjwa wasiojiweza wakiwemo watoto, na kuna Hope for Cancer Kids, wanaoshughulika na watoto wa Hospitali ya Kenyatta. Wafadhili hawa hawapatikani kwa kulia koridoni. Wanataka barua ya daktari, makadirio ya gharama, nakala ya kitambulisho na barua ya chifu. Ombeni barua ya chifu nakala kadhaa zenye muhuri kabla ya kuondoka, maana kurudi Kasigau kwa ajili ya muhuri ni kupoteza nauli ya kliniki.

Sasa yale ambayo hakuna bima inayoyalipa. Mzazi anakula nini wodini? Anaoga na nini? Analala wapi siku mtoto anaporuhusiwa saa kumi jioni na kliniki nyingine ni keshokutwa? Mashine ya hospitali ikiharibika, kipimo kinafanywa nje kwa pesa taslimu. Dawa ya kuzuia kutapika ikikosekana dirishani, inanunuliwa duka la dawa ng'ambo ya barabara. Na kuna safari. Kutoka Rukanga hadi Maungu ni barabara ya vumbi ambayo magari yake hayapatikani saa yoyote unayotaka. Ukifika barabara kuu, Mombasa ni upande mmoja na Nairobi ni upande wa pili, na hapo kuna swali la kumuuliza daktari wa Voi: je, sehemu ya matibabu inaweza kufanyika Coast General, Mombasa, ambako kuna kituo cha saratani, badala ya Kenyatta? Pengine haiwezekani kwa kila aina ya saratani, hasa mwanzoni. Lakini vipimo vya damu vya kabla ya mzunguko, kwa mfano, mara nyingi vinaweza kufanywa katika hospitali ya Moi, pale Voi, na majibu yakatumwa. Usione haya kuuliza. Daktari wa Nairobi hajui umbali wa Makwasinyi mpaka umwambie.

Kwa mtoto aliyetoka kwenye dawa, mimi ningependelea treni kuliko basi pesa zikiruhusu. Ile ya mchana inayosimama stesheni za katikati hupitia Voi, ina choo, na mtoto anayetapika anapata nafasi ya kujinyoosha. Ubaya wake ni kwamba inakushusha Syokimau, mbali na Kenyatta, kwa hiyo hesabu ya nauli iingize na kipande hicho cha mwisho.

Kamati ya harambee ifanyeje basi? Ichukue ile karatasi ya mizunguko na kuigeuza kuwa bajeti. Andika tarehe ya kila kliniki, na mbele yake nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, chakula cha msindikizaji, akiba ya kipimo kimoja cha nje, na salio la simu. Jumlisha. Kisha gaweni tarehe hizo, si pesa zote kwa jumla. Kwaya ichukue kliniki ya Machi, ukoo wa baba uchukue ya Aprili, vijana wa bodaboda wachukue safari zote za kutoka kijijini hadi Maungu. Mtu aliyepewa tarehe yake hukumbuka. Aliyeambiwa tu asaidie husubiri wenzake. Pesa za harambee ya kwanza zisimalizwe mwezi wa kwanza, na zisikae kwenye simu ya mtu mmoja anayeitumia kwa biashara yake. Waweke sahihi watu wawili, na kila mwezi taarifa fupi itolewe kundini: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Taarifa hiyo ndiyo inayofufua mchango. Watu wa Kasigau walioko Mombasa, Nairobi na hata Ghuba hawachoki kutoa, huchoka kutojua.

Jambo lingine kwa kamati: msiweke picha ya mtoto akiwa amevuliwa nguo, ana mirija, uso umevimba. Atapona, atakuwa kijana wa sekondari, na picha hiyo itakuwa bado inazunguka.

Nimeona misaada mingi ikielekea hospitalini na nyumbani pakabaki pakavu. Mgonjwa ana ndugu. Wakati mama yuko Nairobi, ni nani anateka maji? Ni nani anawapikia wadogo? Jibu tunalijua sote: ni binti mkubwa. Anaanza kwa kukosa shule Jumatatu, halafu Jumatatu na Ijumaa, muhula unaisha ameshaachwa nyuma na hakuna aliyeona, kwa sababu macho yote yako kwa mgonjwa. Mwalimu wa darasa akiona dada wa mtoto anayetibiwa saratani amekosa siku tatu, asingoje barua. Amtume mtu nyumbani. Na jamaa wapange zamu: wiki hii shangazi analala hapo, wiki ijayo mama mdogo. Zamu hiyo ihesabu na ndovu. Mtu mzima mmoja aweko usiku msimu ambao wanyama wa Tsavo wanashuka kutafuta maji na mahindi, maana watoto wa peke yao hawawezi kulinda shamba wala hawapaswi kujaribu.

Kuna fomu za basari pia. Huku karo za watoto wengi zimelipwa na hazina ya eneo bunge, na basari ya kaunti, na kwa zaidi ya miaka kumi sasa na fedha za kaboni za mradi wa kuhifadhi misitu wa Kasigau Corridor. Fomu hizo zina siku ya mwisho, zinataka sahihi ya chifu, ripoti ya shule na saini ya mzazi. Mama aliye wodini hajui zimetoka lini. Mtu mmoja katika ukoo apewe kazi hiyo tu: kuzifuatilia fomu za watoto wote wa nyumba hiyo, na kueleza kwenye kila fomu kwamba kuna mgonjwa wa saratani. Kamati nyingi za basari huzingatia hilo likiandikwa, halina nguvu likinong'onwa.

Akina mama wanaosuka vikapu vya mkonge wanaweza kufanya jambo ambalo halihitaji hata shilingi. Oda zikija, mwanachama aliye hospitalini asirukwe. Mtumieni nyuzi zilizotiwa rangi. Siku za hospitali ni ndefu, na muuguzi akiruhusu, kikapu husukwa benchi la nje mtoto akiwa amelala. Kikapu kilichokamilika kinarudi na msafiri, kinauzwa pamoja na vya wenzake. Mama aliyezoea kujitafutia huumia sana akigeuzwa wa kupokea tu, na hilo watu hulisahau.

Kabla sijafika shuleni, homa. Hapa sina utani. Kemo hushusha seli nyeupe za damu, hasa wiki moja hadi mbili baada ya dawa, na mtoto hubaki bila walinzi. Kijidudu ambacho kingemletea mwenzake mafua kinaweza kumuua kwa siku moja. Nyumba yenye mtoto wa namna hii iwe na kipimajoto cha dijitali cha kuweka kwapani, na joto likifika 38 safari inaanza, hata kama ni saa nane za usiku. Usimpe dawa ya homa ukangoja asubuhi, kwa maana itashusha joto na kuficha hatari. Brufen na aspirini usimpe kabisa pasipo ruhusa ya daktari wake, zinaweza kumfanya avuje damu. Tatizo letu ni kwamba ukifika zahanati na mtoto mwenye homa, atapimwa malaria, na ikionekana haipo atarudishwa nyumbani na panadol. Malaria apimwe, sawa, lakini anachohitaji haraka ni hesabu ya damu na antibayotiki ya sindano. Kwa hiyo ombeni daktari wa saratani awaandikie barua fupi: mtoto huyu yuko kwenye kemo, akiwa na homa afanyiwe moja, mbili, tatu, na nambari ya kupiga ni hii. Nakala moja ikae kwenye mkoba wa mama, moja kituo cha afya cha Rukanga, moja kwa mhudumu wa afya wa jamii wa kijiji. Na mwenye gari au pikipiki aliyekubali kuamshwa usiku ajulikane kwa jina mapema.

Dawa za mitishamba ziko katika kila nyumba na sitajifanya hazipo. Ninachoomba ni kwamba mtoto akiwa kwenye kemo asinyweshwe mizizi wala majani bila daktari kujua, kwa sababu ini na figo zake tayari zinafanya kazi ya kuondoa sumu ya dawa. Kumwambia daktari ukweli hakumkasirishi kama vile ini lililofura ambalo hajui chanzo chake.

Haya, shule. Wazazi wengi, na walimu pia, hudhani masomo ni jambo la kuwekwa kando mpaka mtoto apone. Miaka miwili au mitatu ni mingi mno kuweka kando. Na kwa mtoto mwenyewe, daftari lenye tarehe ya leo ni dalili kwamba wakubwa wanatarajia aishi. Mtoto husoma nyuso zetu vizuri kuliko vitabu. Akiona hakuna anayemuuliza kazi ya nyumbani tena, anaelewa.

Hospitali ya Kenyatta ina shule ndani yake, yenye walimu, kwa watoto waliolazwa. Eldoret nako, hospitali ya watoto ya Shoe4Africa iliyofunguliwa 2015 ina walezi wa kuwachezesha na kuwafundisha watoto. Mkifika wodini ulizeni mwalimu yuko wapi. Pelekeni vitabu viwili vitatu vya darasa lake, ripoti ya mwisho, na nambari ya simu ya mwalimu wake wa Kasigau, ili hao wawili wazungumze. Mahali pasipokuwa na shule ya hospitali, kazi inaweza kwenda kwa simu. Mwalimu au mwenzake wa darasa anapiga picha ya ubao au daftari mara mbili kwa wiki na kutuma. Msidai masomo yote. Kusoma, kuandika na hisabati vikishikiliwa, mengine yatarudi. Siku ya dawa na siku mbili tatu zinazofuata aachwe apumzike. Siku nzuri, dakika ishirini asubuhi na ishirini jioni zinatosha, mtoto asigeuzwe mtahiniwa kitandani.

Shuleni kwenyewe, mzazi aende kwa mwalimu mkuu na barua ya hospitali mapema iwezekanavyo. Lengo la kwanza ni jina lisifutwe kwenye sajili wala kwenye mfumo wa wizara, kwa maana hatua zote za gredi na mitihani hupitia huko. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema mwanafunzi hatalazimishwa kurudia darasa, wala hatafukuzwa. Familia ikiona kweli mtoto anahitaji kurudia, iwe ni mazungumzo baina yao na mwalimu, isiwe adhabu ya kukosa siku. Kuanzia gredi ya nne kuna tathmini za shuleni ambazo alama zake hutumwa kwa baraza la mitihani, KNEC, na kuhesabiwa katika tathmini ya KPSEA ya gredi ya sita. Mtoto akikosa tathmini hizo kimya kimya, pengo linatokea ambalo hakuna atakayelikumbuka sababu yake. Na akiwa ni mtahiniwa, mwalimu mkuu awaandikie KNEC kupitia ofisi ya elimu ya Voi miezi mingi kabla. Baraza huruhusu watahiniwa kufanyia mtihani hospitalini na kuwapa muda wa ziada wenye mahitaji maalum, mradi wamearifiwa.

Siku ya kurudi darasani huogopesha kuliko watu wazima wanavyofikiri. Kwetu upara si shida sana kama ilivyo Ulaya, kwa sababu katika shule zetu nyingi za msingi wavulana kwa wasichana hunyolewa. Kinachowatoa jasho ni mashavu yaliyofura kwa dawa za steroidi, kucha zilizobadilika rangi, jicho moja kama lilitolewa. Mwalimu amuulize mtoto mwenyewe kwanza: ungependa wenzako waambiwe nini, na wewe uwepo au usiwepo? Kisha aliambie darasa kwa maneno machache. Ugonjwa huu hauambukizi. Hakurogwa, na hakuna aliyemkosea Mungu. Anachoka haraka. Ninyi mkiwa na mafua au tetekuwanga ndio mnaoweza kumdhuru, si yeye ninyi. Watoto wakishajua la kufanya hulifanya vizuri, na kwa kawaida siku ya tatu wameshasahau.

Mwalimu anahitaji kuelewa mambo kadhaa ambayo huonekana kama uvivu. Dawa iitwayo vinkristini hugusa neva za mikono na miguu, kwa hiyo mwandiko unaharibika na mtoto hujikwaa. Dawa za jamii ya sisplatini zinaweza kupunguza usikivu, basi akae mbele na mwalimu asimzungumzie akiwa ameugeukia ubao. Wanaotibiwa saratani ya damu hupewa dawa kupitia uti wa mgongo, na wengine hubaki na kusahau au kukosa umakini kwa muda. Asichapwe kwa hilo, kwanza kuchapa kwenyewe sheria imekataza. Kituo cha tathmini ya elimu maalum kilichoko chini ya wizara kinaweza kumpima na kuandika anachohitaji. Karatasi hiyo itamsaidia mpaka sekondari.

Surua au tetekuwanga ikizuka shuleni, mzazi apigiwe siku hiyo hiyo, wala si wiki inayofuata kwenye mkutano. Mtoto wake aliyekaa na mwenye ugonjwa huo anaweza kuhitaji kinga ya haraka hospitalini. Chanjo zenye virusi hai, ile ya surua na matone ya polio, hapewi akiwa kwenye kemo, kwa hiyo timu ya chanjo ikija shuleni mwalimu awe na jina lake kwenye orodha ya wa kuulizwa kwanza. Maji yake ya kunywa yachemshwe, aje na chupa yake, na chakula cha shule ale kikiwa moto bado. Njiani, kule ambako watoto hutembea kilomita kadhaa kwenye vichaka, kumbukeni kwamba hana nguvu za kukimbia na wenzake wakimwona ndovu. Apandishwe bodaboda, au aende nusu siku na mtu mzima. Nusu siku ni shule pia.

Si kila mtoto atapona, na ushauri unaonyamazia hilo haufai. Madaktari wakisema dawa za kuponya zimekwisha, bado kuna kazi ya kuondoa maumivu. Mofini ya maji hutolewa kwa watoto, na Coast Hospice ya Mombasa ina wahudumu wa kuiongoza familia katika hilo. Hakuna haja ya kuuza shamba kwa safari moja zaidi ambayo daktari mwenyewe haiamini. Na mtoto akisema anataka kwenda shuleni aketi na rafiki zake saa moja, mpelekeni. Baadaye mwalimu asiliondoe dawati lake kimya kimya usiku. Awaambie wanafunzi, awaache waulize, na awachunguze hasa ndugu zake kwa muhula mzima, kwa maana huzuni ya mtoto hutoka kama ukorofi au kama kutokula.

Wanaomaliza matibabu nao hawajamaliza na hospitali. Ombeni muhtasari ulioandikwa: aina ya saratani, dawa zote alizopewa na vipimo vyake, upasuaji, mionzi, tarehe ya dozi ya mwisho. Baadhi ya dawa hizi, kama doksorubisini, hudai moyo uangaliwe miaka mingi baadaye, na daktari atakayemwona akiwa na miaka ishirini hatajua lolote bila karatasi hiyo. Kliniki za ufuatiliaji zitakuwa za kila mwezi, halafu kila miezi mitatu, halafu mara moja kwa mwaka, na nauli zake ziingizwe kwenye kalenda ya kamati kabla kundi la WhatsApp halijafungwa. Muulize daktari pia ni lini chanjo zirudiwe. Nakala ya muhtasari iwekwe kituo cha afya cha Rukanga, nyingine faili la shule, na mwalimu mkuu ahakikishe inamfuata mtoto akihamia sekondari ya chini na ya juu.